Nani Kamnenepesha Kidiaba?

Wewe uliyeoa mtu mmoja ukaletewa ukoo, njoo ukae hapa karibu, maana wengine hawatanielewa. Nyumbani kwetu Kasomeno, kwenye barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kasenga, kumeingia homu sinema: tele pana ya inchi 55, bafle tano ndogo, na ya sita nene ya besi. Ilikuja juu ya lori, imebanwa katikati ya magodoro mawili. Haijazoea hata ukuta, mke wangu akatangaza kwamba kaka yake anakuja likizo kutoka Liège, na kwamba siku akifika atawekewa diski itakayomwonyesha kuwa na sisi huku tunaishi. Mke wangu tunamwita Gavana. Hakuna kinachopita humu ndani bila saini yake.

Kuchagua diski nilikabidhiwa mimi, na kazi hiyo naipenda kwa moyo wote. Watu wanadhani tele ikiwa kubwa basi kila kitu kinapendeza. Hapana. Picha ya VCD ina mistari 288, ya DVD ina 576, na tele yenyewe ina 1,080. Mistari inayopungua tele inajibunia, na ukikaa karibu unaiona ikibuni: uso wa mwimbaji unageuka vigae. Kwa hiyo VCD zote nilizitia kwenye katoni, nikaandika juu yake HAPANA kwa herufi kubwa, nikaisukuma chini ya kitanda.

Chaguo langu la kwanza lilikuwa Ben-Hur ya mwaka 1959. Filimu chache sana zimepigwa pana kama ile: upana wake ni mara 2.76 ya kimo, wakati tele hizi zetu za 16 kwa 9 hazifiki hata mara mbili. Ikikaa inavyotakiwa, inaacha mikanda miwili myeusi juu na chini, inayokula zaidi ya theluthi ya kioo. Kwangu mimi uzuri uko hapo hapo, kwa sababu magari ya farasi yanaingia uwanjani yote kwa pamoja, na unaona mpaka vumbi la yule wa pembeni kabisa. Mama mkwe alitazama kidogo. Watoto wanamwita Nkambo Luapula, kwa kuwa kila hadithi yake inaanzia mtoni. Akauliza:

"Na hizi fasi nyeusi, nazo mulilipa?"

Kabla sijafungua mdomo, mwanangu wa pili alikuwa ameshika telekomandi. Huyu ni Zumu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Akabonyeza, mikanda ikatoweka, kioo kikajaa, pembeni pakakatwa. Gari la Ben-Hur linavutwa na farasi wanne weupe. Kwetu likabaki linavutwa na wawili na nusu. Nkambo akaridhika, akaomba chai.

Halafu Gavana akaleta hesabu ya umeme. Sisi tunaishi kwa paneli za jua. Bateri yetu ni ya volti 12, ampea-saa 200, hivyo kwa karatasi ina wati-saa 2,400. Lakini bateri ya risasi ukiinyonya zaidi ya nusu unaiua mapema, basi cha kutumia ni 1,200. Tele, amplifaya, mashine ya DVD na kile ambacho inveta inajilia yenyewe vinafika karibu wati 300. Hapo una saa nne, na Ben-Hur inakwenda dakika 212. Na kwenye friji kulikuwa na samaki wa Nkambo waliotoka Kasenga. Kati ya farasi na samaki, Gavana hakuhitaji hata kukaa chini.

Nikaleta Jurassic Park, ya mwaka 1993. Kuna pale ambapo mnyama bado hajaonekana, yako maji tu kwenye gilasi, yanaanza kutetemeka. Ukitaka kumwonyesha mgeni besi ni nini, mwonyeshe hapo. Ila Nkambo alikwisha kuifanya bafle ya besi kuwa meza yake, na kikombe chake cha enameli chenye maua ya bluu kilikuwa juu yake. Maji ya kwenye filimu yakafanya duara. Chai ya Nkambo nayo ikafanya duara, ikafuata ya pili, zikakutana katikati. Akainama akaichungulia, macho hayatoki kwenye kikombe. Bafle moja ya nyuma, tena, ilikuwa juu ya gunia la unga, kwa kuwa Gavana alikataa msumari kwenye ukuta wake uliopakwa rangi juzi, kwa hiyo dinosau alipofika alingurumia kwenye bukari. Kitinda mimba akalia mpaka usiku. Filimu ikafutwa.

Hapa niseme neno juu ya shemeki wangu mdogo, tunayemwita Dekodere. Hajawahi kuona waya akaupita. Kaka yao wa Liège alitutumia zamani Katanga Business, filimu ya Mbelgiji Thierry Michel ya mwaka 2009 juu ya migodi ya huku kwetu, na mimi niliitaka mno kwa siku ile, kwa kuwa ni ardhi yetu wenyewe kwenye kioo kipana. Mashine ikaikataa. Dunia ya DVD imegawanywa kanda: Ulaya ni ya 2, sisi na sehemu kubwa ya Afrika ni ya 5, na diski ya kanda moja haifunguki kwenye mashine ya kanda nyingine. Fikiria: filimu ya Katanga haiwezi kuchezwa Katanga! Bado inaniuma. Lakini Dekodere alibonyeza namba fulani kwenye telekomandi, kama anapiga simu kwa mtu anayemjua, na mashine ikasahau mambo ya kanda moja kwa moja. Kijana huyu nitamtetea popote, hata kwa yaliyofuata.

Yaliyofuata ni haya. Nkambo alitaka mpiga gitaa wetu Mwenda Jean Bosco, na kwa Mwenda mimi na Nkambo hatujawahi kugombana. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952. Gitaa moja, mtu mmoja, kidole gumba na cha shahada, na ungeapa wanapiga wawili. Sauti yote imo kwenye njia moja tu, hakuna kushoto wala kulia. Dekodere akaona aibu bafle nne zikae kimya, akatia mtindo wa "uwanja", na Mwenda akaanza kuimba kutoka mbele, kutoka dirishani na kutoka kwenye unga, huku gitaa likijifuata lenyewe kwa mwangwi. Nkambo akafumba macho kwa uchungu. Nilizima bafle zote nikabakiza za mbele, nikashusha besi, na kidole gumba kikasikika kinavyotembea kwenye nyuzi nene. Nenda duka lolote la tele uulize kama wana diski inayoonyesha spika vizuri zaidi ya hiyo. Watakupa milipuko.

Basi kaka mtu akafika, tunamwita Papa Liège. Kuku akachinjwa, bukari ikasongwa, majirani wakajaa mpaka mlangoni. Nikaweka Katanga Business. Papa Liège akatazama kwa heshima, kisha akasema taratibu kwamba hii aliiona kule. "Hamuna Mufwankolo?"

Watu wakapiga makofi. Wewe unalijua kundi la Mufwankolo, wale waliotuchezea maisha yetu kwenye tele kwa Kiswahili cha Lubumbashi, mpaka mtaalamu Johannes Fabian akatoa kitabu kizima juu yao mwaka 1990. Zumu akaingia chini ya kitanda, akatoka na katoni ya HAPANA. Ndani yake mlikuwa na Mufwankolo, mlikuwa na mechi ya timu yetu Mazembe na Internacional ya tarehe 14 Desemba 2010 kule Abu Dhabi, ile ya 2–0 iliyotupeleka fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, klabu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, na mlikuwa na harusi yetu.

Picha hizo zote ni za tele za zamani, 4 kwa 3. Zikikaa kwa umbo lake zinaacha robo ya kioo nyeusi, nusu huku na nusu kule. Ukizivuta zijae, kila mtu anaongezeka theluthi moja ya upana. Nilisimama nikawaambia hivyo, na naweza kusimama tena leo: mtu aachwe na mwili wake. Nkambo akauliza tena habari ya fasi nyeusi. Ikapigwa kura. Mufwankolo akaingia na mashavu ya mtu mwingine, na hakuna aliyejali, walicheka mpaka kuku akapoa. Kipa wetu Kidiaba alipokaa chini kushangilia bao la Kabangu, akirukaruka kwa makalio vile anavyofanya, alikuwa mpana kama lango lake. Kitinda mimba wetu, aliyesahau dinosau, akashuka sakafuni akarukaruka naye, na majirani watatu watu wazima nyuma yake.

Ndipo Zumu akaweka harusi. Gavana akatokea kwenye mlango wa kanisa, shela, maua, na theluthi moja ya ziada. Sebule ikanyamaza.

"Rudisha," akasema Gavana.

Zumu akarudisha mara moja. Mikanda miwili myeusi ikasimama kushoto na kulia, na katikati yake akasimama yule msichana niliyemwoa, mwembamba, na kiatu kikimbana. Nkambo hakuuliza kama tulilipa. Bateri ikaisha wakati wa kukata keki, Dekodere akakimbilia kuwasha gurupu, na tukamalizia hotuba za wazee kwa kelele za injini.

Tangu hapo kuna sheria mbili, zote zimetiwa saini. Harusi inaonyeshwa 4 kwa 3. Vingine vyote vinajaza kioo. Nimeomba Mazembe nayo iingizwe kwenye sheria ya kwanza, angalau kipindi cha pili chenye mabao yote mawili, na Papa Liège ameniunga mkono kwa simu, lakini telekomandi sasa inalala chini ya mto wa Nkambo, na Nkambo anasema Kidiaba akinenepa anaziba lango vizuri zaidi.