Heshima kwa Bwana Sharubu

Mji uliomzaa Muyaka bin Haji haujawahi kupungukiwa na sifa. Hapa Mombasa zimesifiwa jahazi, amesifiwa nguru, amesifiwa tafi, umesifiwa mkate wa mofa, na kila harusi husifiwa bwana arusi hata pale ambapo ukweli ungependa kunyamaza. Kambare peke yake, kiumbe mwenye sharubu nane na subira isiyo kifani, mpaka leo hana ubeti. Dhuluma hii imenikaa rohoni, hasa kwa kuwa naishi naye nyumba moja: yeye ukumbini, mimi popote aliponibakishia nafasi.

Aliletwa na mtoto wa kaka yangu, kijana msomi asiye na ajira, aliyerudi kutoka semina ya ufugaji akiwa na fulana, cheti na ndoo yenye kifuniko. "Ami," akaniambia, "hizi ni pesa zinazoogelea." Likaja tangi la kioo, likaja la pili, ikaja pampu ndogo ya kutia mapovu inayonguruma usiku kucha. Leo katika ukumbi wetu wa Kibokoni, Mji wa Kale, ambamo wazee walipokea wageni kwa kahawa chungu na haluwa, mgeni huingia, huvuta pumzi mara moja, hukumbuka kwamba ameacha kitu motoni kwake.

Nianze na nasaba, maana Mji wa Kale mtu hasifiwi kabla hajaulizwa ni wa nani. Yapata miaka 5,000 iliyopita, mfalme Narmer wa Misri, anayesadikiwa kuziunganisha nchi ya juu na ya chini kuwa dola moja, aliandikwa jina lake kwa picha ya kambare na patasi. Bamba la jiwe lenye maandishi hayo limehifadhiwa Cairo. Kwa hivyo wale wanaopita Ndia Kuu vifua mbele wakihesabu mababu wa Shirazi na Hadhramaut na wakae kitako kidogo. Hakuna firauni aliyejiita tafi.

Ni msafiri pia. Amefika Uholanzi, amefika Brazil, Nigeria wanamfuga kuliko taifa lolote, na India walimpokea vyema mpaka serikali ikampiga marufuku. Binamu yake wa Asia alipelekwa Florida auzwe kama samaki wa pambo, na katika miaka ya 1960 akatoka kwenye mabwawa ya wafugaji, akavuka barabara usiku wa mvua, akaenda kujitafutia makao bila kumuaga mtu.

Na ni mpatanishi wa madhehebu. Kwa kuwa hana magamba, jirani zetu Mabohora na Waithnasheri hawamli. Wasabato nao hawamli. Sisi Mashafii tumehalalishiwa, lakini nani atakula samaki wa maji baridi na bahari iko mlangoni? Sijapata kuona jambo jengine ambalo mtaa mzima umeafikiana hivi.

Haya yote ni madogo. Fadhila kuu ya kambare, ile iliyostahili kuchongwa juu ya lango la Fort Jesus, ni kwamba maji kwake si lazima.

Usinikatize, msomaji. Najua samaki ni nini. Juu ya matamvua yake, ndani ya kichwa kile bapa, kambare ana kiungo chenye matawi mengi yaliyojaa damu, na kwa kiungo hicho hufyonza hewa tupu kama mimi na wewe. Kila baada ya muda hupanda juu, hugugumia funda moja la hewa, hushuka zake. Maji yakioza, wenzake wakageuza matumbo juu, yeye yupo. Kisima kikitia chumvi kidogo, kama visima vyetu vya mawe ya matumbawe vinavyotia, yeye yupo. Bwawa likikauka hujizika kwenye tope angojee neema. Na ngozi yake maadamu haijakauka, anaweza kukaa nje ya maji saa nyingi, na si kukaa tu: hutembea. Husimika miiba ya mapezi yake ya kifuani, hukipinda kiwiliwili huku na huku, akasonga.

Mwendo huo naujua kwa masikio. Usiku wa manane kifuniko husukumwa, hufuata kishindo cha kitu kilicholowa kikiangukia sakafu, kisha msuguo wa polepole kuelekea msalani. Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya mlango wa mbao, amejaa vumbi, akinitazama kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji aliyechelewesha kodi. Hakufa. Hafi. Nimeomba mara nyingi.

Sasa mchukue kiumbe huyo umfanye mkaazi wa kisiwa hiki, uone jinsi Mola alivyomkamilisha. Mombasa hatuna mto. Tunakunywa maji ya watu: ya chemchemi za Mzima kule Tsavo, yanayoteremka kwa bomba la kilomita 220 lililolazwa miaka ya 1950, ya Marere na Tiwi, Kwale, ya Baricho kando ya mto Sabaki, yanayosukumwa kwa pampu za umeme. Yakifika, huwa yamechoka. Lakini kambare hangekuwa na habari nayo. Hangeamka saa tisa ya usiku kusikiliza kama bomba limekohoa. Hangepanga mitungi uani wala kubishana na mwenye mkokoteni juu ya bei, bei ambayo hupanda siku ileile mifereji inapokauka, kana kwamba mkokoteni na mfereji wamelala chumba kimoja. Hangeoga kwa kopo moja, nusu kichwani na nusu miguuni, akitia nia ya kutosheka.

Na hebu fikiria siasa! Tangu nipate kitambulisho sijaona uchaguzi ambao maji hayakuahidiwa. Ni mzigo mkubwa kwa waheshimiwa kuibeba ahadi moja miaka yote hiyo bila kuitua. Laiti kila mtoto wa kisiwani angechanjwa surua kisha akapachikwa kile kiungo cha kambare, wagombea wangepumzika. Mikutano ingekuwa ya ngoma na leso tupu. Bajeti ya mabomba ingehamishiwa kwenye safari za kwenda kujifunza mabomba ya nchi za watu, ambako tayari hupelekwa sehemu yake. Daktari angemwambia mgonjwa anywe maji mengi, mgonjwa akacheka, daktari akacheka, wakaandikiana dawa.

Faida ya kufuga samaki nyumbani wazee wetu waliiona mapema. Katika birika za misalani walifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na Lamu kuna nyumba ambazo bakuli la kaure lilijengewa kwenye sakafu ya birika, ili maji yakichotwa yakaisha samaki abakiwe na pa kupumzikia. Angalia adabu hiyo: mtu anajenga nyumba, na katika hesabu zake yumo samaki asiyezidi kidole. Kambare anakula viluwiluwi pia, pamoja na kila kitu kingine kinachotikisika. Na kazi hiyo ipo. Mwaka 2004 chikungunya, homa ya mbu, ilianzia Lamu wakati wa ukame, watu wakiwa wamehifadhi maji majumbani, ikaja Mombasa. Mwaka 2013 tukapata dengi. Mwisho wa 2017 chikungunya ikarudi kutusalimu, na magoti yangu yakajibu salamu. Baadaye akaja bwana mmoja mwenye kizibao na daftari, akatutaka tumwage maji yote tuliyoyaweka kwenye mapipa.

Tuyamwage! Maji yaliyopandishwa ngazi tatu mgongoni mwa mtu! Tunaweka maji kwenye mapipa kwa sababu gani, bwana, kwa mapenzi ya mapipa? Fungueni mfereji siku saba mfululizo, kisha njooni mhesabu mapipa yangu. Mbu hawa hawakuzaliwa na uchafu wa mama zetu, wamezaliwa na ratiba ya maji, na ratiba ina wenyewe, na wenyewe wana viyoyozi.

Mniwie radhi. Nilikuwa namsifu kambare.

Basi tuje kwenye uzazi wake, jambo la aibu kidogo kuandika lakini kijana yule wa semina hulisimulia mbele ya wageni tukila. Porini kambare hungoja mvua kubwa na mafuriko, akaenda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Tangini mafuriko hayaji, kwa hivyo jike hudungwa sindano ya homoni, au ya dawa iliyotolewa kwenye tezi iliyo chini ya ubongo wa kambare mwingine, na baada ya saa kumi hivi hukamuliwa mayai tumboni. Dume hakamuliki. Dume huchinjwa, hupasuliwa, mbegu zake zikachanganywa na mayai kwenye bakuli. Hivyo ndivyo mabakuli mawili ya marehemu mama yangu yalivyoingia katika sayansi.

Jike la kilo moja hutoa mayai makumi ya maelfu, na siku moja tu yatosha kuanguliwa. Kijana akachukua kalamu, akazidisha idadi ya mayai kwa bei ya kifaranga, akapata gari. Akazidisha tena kwa mwaka mzima, akapata nyumba Nyali. Hesabu haikuwa na kosa, ila vifaranga hawakuonyeshwa. Mkubwa humla mdogo, aliyebaki humla aliyembakiza, na usipowatenga kwa ukubwa kila baada ya siku chache utakuta tangini mabwana wachache walioshiba, wamenyamaza. Na mteja wa uhakika yuko wapi? Yuko Ziwa Victoria, zaidi ya kilomita 800 kutoka Kibokoni, na anamtaka kambare mdogo amtie kwenye ndoana awe chambo cha sangara.

Semina haikuyasema haya? Iliyasema, nadhani, baada ya chakula cha mchana. Semina zetu zina uhai wa ajabu. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi, na ndani yake yakachimbwa mabwawa ya samaki 200 katika kila eneo bunge kati ya maeneo 140, kila bwawa mita za mraba 300 na vifaranga 1,000. (Bwawa moja la kipimo hicho hapa Mji wa Kale lingemeza nyumba tatu na ngazi ya jirani.) Ruzuku ya chakula na vifaranga ilipokoma, mengi yakaota nyasi. Semina hazikuota nyasi. Zimeendelea, zina mabango, zina soda na sambusa, zina wataalamu wanaokwenda nyumbani na posho na vijana wanaokwenda nyumbani na ndoo. Bwawa likikauka, semina hujizika kwenye tope, bajeti mpya ikinyesha hutoka ikitembea.

Waswahili tunasema nyumba ya kambare kila mtu ana sharubu: baba anazo, mama anazo, mtoto anazo, mgeni hajui amwamkie nani. Jaribu kuuliza habari za maji. Tangu Katiba ya 2010 kuyagawa maji majumbani ni kazi ya kaunti, lakini mabomba makubwa yanayokata kaunti yamebaki kwa serikali kuu. Mzima iko Taita Taveta, nao wanataka fungu lao. Baricho iko Kilifi. Marere na Tiwi ziko Kwale. Umeme wa kusukuma ni wa mwengine, na zaidi ya mara moja umekatwa kwa ajili ya deni ambalo kila mmoja anaapa ni la mwenzake. Ukienda mlango wa kwanza utaoneshwa wa pili, wa pili atakuonesha wa tatu, wa tatu atapapasa sharubu akuulize umetumwa na nani. Kambare wa tangini mwangu wakigombana, mmoja huliwa na jambo likaisha. Hawa hawaliani. Wanakula nje.

Na hapa ndipo ninapomwonea kambare wivu hasa. Yeye anavuta hewa bure. Sisi tunailipia. Bomba lililokaa kavu siku nyingi, maji yakisukumwa huko mbali, hutanguliza upepo. Mfereji hufoka na kupiga mluzi, na mita, ambayo haikufundishwa kutofautisha maji na pumzi, huzunguka kwa bidii. Bili nayo haijawahi kukosa njia ya kufika Kibokoni. Haina ukame.

Mwezi uliopita msoma mita alikuja mwenyewe mpaka ndani. Akayaona matangi, akavua miwani akaivaa tena, akauliza kama hii bado ni nyumba au sasa ni biashara, kwa sababu biashara ina bei yake. Nikamwambia ni nyumba, na ni nyumba isiyo na maji, kama pua yake ilivyokwisha kumwambia. Kijana akataka kunisaidia.

"Hawa hawatumii maji, bwana," akamwambia. "Wavuta hewa tu."

Yule bwana akautazama mfereji wa uani, uliokuwa wazi, ukipiga mluzi. Akafungua daftari.

"Na hiyo hewa mwaitoa wapi?"