Turbo Imenifilisi na Bado Inakohoa

Jamani, nani aliwaambia watu wa mji huu kwamba mwenye gari ya turbo ana hela? Mwenye gari ya turbo alikuwa na hela. Zamani. Kabla ya hiyo turbo.

Mimi nilitaka gari ya kunitoa Tegeta kunifikisha Posta, basi. Sikutaka sifa. Dalali akanipeleka kwenye Subaru Forester moja iliyotoka Japani, ina tundu kubwa juu ya boneti, liko wazi kama domo la kambale. Nikauliza lile tundu la nini. Akaninong'oneza, "Bosi, hii ni turbo." Nikatingisha kichwa. Ukiambiwa kitu usichokijua na mtu aliyevaa miwani ya jua, unatingisha kichwa. Ndiyo utaratibu. Nikalipa.

Tangu hapo sijapumzika. Watoto wa mtaani wanatumbukiza maganda ya karanga mle tunduni. Masika yakaingia, nikaona sasa na maji yatajiingilia moja kwa moja kwenye injini, maana tundu si ni tundu? Nikalifunga kwa nailoni na selotepu. Nikalifunga vizuri kabisa, pembe zote. Jirani akanisifia.

Ajabu, gari ikaanza uvivu. Kimlima cha Goba inakipanda huku inagonga, tiki-tiki-tiki, moshi nyuma, jasho mbele. Bajaji ikanipita. Bajaji! Ina abiria watatu na gunia la mkaa. Dereva akanipungia mkono.

Basi wakaanza kunishauri. Ukitaka kujua nchi hii ina mafundi wangapi, fungua boneti barabarani.

Wa kwanza shemeji. Akafungua kifuniko cha tenki, kuna kikaratasi cha Kijapani. Mimi siku zote nilijua ile ni bei. Shemeji akakielekezea kamera ya simu, simu ikamsomea: gari hii inywe petroli ya daraja la juu. Huko Japani, anasema, petroli ya kawaida inatakiwa isipungue oktani 89, ya juu isipungue 96, na gari nyingi za turbo zimetengenezewa hiyo ya juu. Sasa ndugu yangu, mimi mwenyewe nakunywa chai ya rangi. Gari ina daraja?

Nikasema sawa, oktani ni nguvu, nimeelewa. Shemeji akaguna. Kumbe oktani si nguvu, ni uvumilivu. Petroli ya oktani ndogo haina subira. Ikikandamizwa ikapata joto, sehemu yake inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Na turbo kazi yake ni kusindilia hewa kwenye injini, kwa hiyo mkandamizo unazidi na joto linazidi. Ndiyo ule mlio wa tiki-tiki. Kuna kidude kinausikiliza, kinaishtaki injini kwa kompyuta, kompyuta inachelewesha cheche ili kuiokoa injini. Nguvu zinapungua, wese linaliwa zaidi. Yaani ndani ya gari yangu kuna mmbeya, na adhabu nalipa mimi.

Nikaenda sheli ya mtaani. Nikamuuliza binti wa pampu, "Petroli yenu oktani ngapi?" Akaniangalia. "Kuna petroli na kuna dizeli. Unataka ipi?" Nikamuuliza tena, maana shemeji alinionya kuhusu waliokuwa wanachanganya petroli na mafuta ya taa, na mafuta ya taa yanashusha oktani: je, ya kwenu ina vinasaba? Si ndiyo vile EWURA ilianza kuviweka mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji? Binti akamwita msimamizi. Msimamizi akaja na mlinzi. Nyuma yangu foleni inapiga honi. Nikasema weka ya elfu kumi. Akaweka ya elfu kumi huku ananitazama usoni.

Nikaelekezwa sheli nyingine, mbali, yenye ile petroli ya bei ya juu. Nikaenda, nikajaza. Foleni ya kurudi ikanichomea robo ya nilichojaza. Shemeji naye aliposikia, akaweka hiyohiyo kwenye IST yake, sasa anatangaza kila kikao cha familia kwamba inapaa. IST ile haina turbo, wala kifuniko chake hakijadai daraja lolote. Kinachopaa ni hela yake. Lakini mkwe anamsikiliza yeye. Mimi naambiwa nipishe, nimekalia rimoti.

Na EWURA nao, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi wanatangaza bei kikomo. Wenzangu kibaruani wanabishana Simba na Yanga. Mimi niko pembeni na redio, nimeshika kifua.

Kijana wa duka la spea Gerezani akaniambia sina haja ya kwenda mbali. Ana chupa. Unaimimina kwenye tenki, inapandisha pointi 30. Nikapiga hesabu harakaharaka: tisini na kitu, jumlisha thelathini. Mia na ishirini na kitu! Hiyo si gari tena, hiyo inahitaji kibali cha mnara wa uwanja wa ndege. Nikanunua. Baadaye nikaambiwa kwenye chupa zile pointi kumi ndiyo oktani moja. Kwa hiyo nilinunua oktani tatu, tena kama chupa inasema kweli. Nilimrudia yule kijana na malalamiko yangu. Akaniuzia kisafisha nozeli.

Uvivu haukuisha. Nikaishia gereji bubu, chini ya mwembe. Fundi akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akafumba macho. "Bosi, injini imejaa tope. Tuiflashi." Mtu akifumba macho hivyo, wewe utabisha? Akaniagiza nilete dizeli kwenye kidumu. Akaimimina juu ya oili kuukuu, akasema izungushe mpaka Bunju, ukirudi tunamwaga yote.

Bunju nilifika. Kurudi ndiyo hadithi. Taa nyekundu ya oili ikawaka, injini ikapiga mluzi, nikazima. Nikavutwa na Noah kwa kamba, barabara nzima ya Bagamoyo, mwendo wa maiti. Bajaji zikanipita. Hakuna aliyepunga mkono. Afadhali wangepunga.

Ndipo nikapelekwa kwa mzee mmoja Ilala anayejua turbo. Mzee hana maneno. Akafungua bolti moja nyembamba kwenye paipu inayopeleka oili kwenye turbo, bolti ina tundu katikati, na ndani kuna kichujio kidogo cha wavu. Chote cheusi, kimeziba. Akanionyesha bila kusema kitu. Nikatingisha kichwa.

Halafu akaanza. Mhimili wa turbo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Haukalii chuma, unaelea juu ya utando wa oili. Sasa wewe umeizimua oili kwa dizeli, ikawa maji, halafu ukaikimbiza Bunju. Hata dawa yenyewe ya kuflashi, ile ya dukani, inawekwa kwenye oili kuukuu injini ikiwa ya moto, inaunguruma palepale, kwa kawaida dakika 10 hivi, haiendi popote. Kisha unamwaga yote, unabadilisha filta, unaweka oili mpya. Na injini iliyozembewa miaka mingi, ukiiflashi kwa pupa uchafu hautoki. Unahama. Unahamia kwenye vichujio, na turbo inakosa oili. Injini ya hivyo anaisafisha kwa oili nzuri, anaimwaga mapema, anaweka nyingine, taratibu, mpaka tope liishe lenyewe.

Nikamuuliza kwa nini basi ilikuwa inagonga toka mwanzo. Akazunguka mbele. Akaona nailoni. Akanyamaza muda mrefu. Akawaita vijana wake wote waje.

Kumbe lile tundu linapeleka upepo kwenye intakula. Turbo ikisindilia hewa, hewa inapata moto, lazima ipoozwe kabla ya kuingia kwenye injini. Mimi nilikuwa nimeifunika pua masika mazima. Na maji? Maji yanapita juu ya mapezi ya intakula yanadondoka chini, hayaingii popote. Nikauliza mbona Wajapani hawakuandika hilo kwa Kiswahili. Hakuna aliyenijibu. Kijana mmoja alikuwa amekaa chini, anafuta machozi.

Turbo ilipona, inapiga kamluzi tu. Lakini nimepewa masharti. Nikitoka kuikimbiza, nisizime papo hapo, niiache iungurume dakika moja au mbili, la sivyo oili inaungulia mle ndani ya turbo na kugeuka masizi. Kwa hiyo usiku nafika nyumbani, nakaa garini gizani, injini inaunguruma, nimetulia. Mama watoto anachungulia dirishani. "Unaongea na nani humo?" Namwambia napooza turbo. Sasa hivi anasali rozari kwa ajili yangu.

Basi jirani, wewe mwenye turbo au unayeitamani, nakwambia hivi. Oili ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, imwagwe kwa wakati na filta yake. Petroli inayotajwa kwenye kifuniko cha tenki, na ukiikosa usiikanyage gari kilimani. Hela ya machupa kanunulie filta. Dizeli waachie wenye malori. Na kama pamoja na haya yote bado unaitaka turbo, hii yangu inauzwa. Njoo na taslimu, njoo mchana, na usije na shemeji yako.