Kakao Isiyoonyesha Chini ya Kikombe

Mgeni wako akiinamia kikombe akaona ua lililochorwa chini, ujue hujampa kakao. Umempa maji yaliyopita jirani na kakao. Mwaga kwenye mgomba, osha sufuria, tuanze upya.

Uzito wa kinywaji hiki ni mafuta. Mbegu nzima ya kakao karibu nusu yake ni mafuta, lakini unga tunaonunua dukani umeshakamuliwa. Ujanja huo ulianzia Uholanzi mwaka 1828, kwa mashine ya familia ya Van Houten. Tangu hapo, anayetaka kikombe kizito anadaiwa kuyarudisha mafuta yaliyotolewa. Wenye ng'ombe wengi huyarudisha kwa maziwa na malai. Kusini mwa Tanzania, kwetu, mbung'o hawakuruhusu ng'ombe wastawi, na maziwa yamekuwa ya kutafutwa tangu enzi za mababu. Basi tutumie korosho, ambayo kila gramu 100 zake zina mafuta zaidi ya gramu 40.

Na tusijidanganye kwamba kusaka mafuta ni jambo geni hapa Nachingwea. Mwaka 1947 Waingereza, waliokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, walianzisha Mpango wa Karanga: Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Walileta matrekta, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kutoka huko hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, mamilioni ya pauni yamezama, na mwanzoni mwa miaka ya sitini reli nayo ikang'olewa. Mafuta waliyoyasaka yanadondoka yenyewe chini ya mikorosho yetu kila msimu, nasi tunayafungia kwenye gunia.

Kwa vikombe vinne, chukua kikombe kimoja cha korosho karanga nyeupe, zisizokaangwa wala kutiwa chumvi. Vipande vinatosha, tena ni rahisi kuliko nzima, na kwenye kinu hakuna atakayeuliza zilivunjikia wapi. Usijaribu kuzibangua mbichi kwa meno au kisu: mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na anayebishana na hili atazame vidole vya wabanguaji. Ziloweke kwenye maji ya moto kwa saa mbili.

Sasa twanga. Mwenye blenda atumie blenda, simkatazi, ila kinu kinakufundisha kitu. Mwanzo korosho zinarukaruka na kuukimbia mchi. Kisha zinakuwa chenga, kisha unga wenye unyevu, halafu ghafla mchi unaanza kunata na kutoa sauti ya mguu ukichomoka kwenye tope. Paka rojo hilo kati ya vidole viwili. Ukisikia hata punje moja, endelea. Likiteleza kama siagi, lichanganye na vikombe vitatu na nusu vya maji upate tui. Usichuje kama umetwanga vizuri, maana kuchuja ni kuutupa uzito tulioutolea jasho.

Unga wa kakao uwe mtupu. Yale makopo ya unga mtamu mara nyingi ni sukari iliyotiwa rangi ya kakao. Soma orodha ya vilivyomo, uone kipi kimetangulia. Chukua vijiko vinne vya chakula vya kakao, vinne vya sukari na chembe ya chumvi. Vichanganye vikavu kwanza, kwa sababu sukari inaziachanisha chembe za kakao zisishikane madonge. Tia nusu kikombe cha maji ya moto kidogo kidogo, ukisonga mpaka upate uji mweusi unaong'aa. Anayemimina kakao kavu juu ya sufuria inayochemka anajitafutia visiwa vinavyoelea, na hakuna mwiko utakaovizamisha.

Bandika tui la korosho kwenye moto mdogo wa mkaa, tia uji wa kakao, hiliki tatu zilizopondwa na kijiti cha mdalasini. Usiondoke. Hata mjomba akibisha hodi kutoka Ruangwa, mkaribishe ukiwa hapo hapo jikoni. Korosho ina wanga, na wanga ukipata moto unashika chini kabla hujamaliza kumuuliza habari za shambani. Koroga ukikwangua sufuria kwa dakika saba hivi, mpaka mwiko uache njia nyuma yake.

Mwisho chukua upekecho, ule ule wa mlenda, ukiwa umeoshwa sawasawa. Uzungushe kati ya viganja hadi povu lipande. Wameksiko, ambao nchi yao imekunywa kakao tangu kabla ya Wahispania kufika, wana kifaa cha mti cha namna hii na wanakizungusha kwa viganja vivyo hivyo. Mkorosho nao asili yake ni Brazili, uliletwa na Wareno. Vitu viwili vilivyovuka bahari vimekutana kwenye sufuria yako, vipe povu vinalostahili.

Kinachoniuma ni hiki. Kakao ya Kyela nyingi inauzwa nje ikiwa kavu, na korosho zetu nyingi zinapita mnadani zikaenda India na Vietnam na maganda yake. Mkulima wa Ruangwa anaweza kuuza tani nzima, na watoto wake wakanywa chai ya rangi asubuhi ya kipupwe. Sisemi tusiuze. Ada za shule hazilipwi kwa kakao.

Lakini kilo nne za korosho ghafi zinatoa takriban kilo moja ya korosho karanga, na kilo moja ni vikombe karibu thelathini vya kinywaji hiki. Kwa hiyo msimu huu, kabla gunia la mwisho halijashonwa kwenda ghalani, chota kilo nne uziweke kando, na uwaambie watoto ni zao.