Mayowe ya Bure

EP, yaani albamu fupi, imekuwa fasheni. Zuchu aliingia sokoni Aprili 2020 na yake ya nyimbo saba. Sawa, mgeni hapigi hodi kwa kishindo. Mwaka 2022 Diamond Platnumz akashusha FOA, nyimbo kumi, nayo ikaitwa EP hiyohiyo. Enzi za kaseti, nyimbo kumi zilikuwa albamu, na nyingine mbili za kujazia.

Lakini hawa wetu wanabembeleza. Wenye kupiga kelele kwa dhati walikuwa Fugazi, vijana wanne wa Washington, Marekani, ambao EP yao ya kwanza ya mwaka 1988 nayo ilikuwa na nyimbo saba: magitaa yanagombana, sauti inapasuka. Wajuzi wakauita muziki wa namna hiyo posti-hadikoo, wakaanza kuuandikia vitabu.

Basi na waje Tindiga, Kilosa, mpunga ukishika punje. Anayewinga ndege anasimama jarubani tangu alfajiri, debe mkononi, anafoka mpaka kwelea kwelea wakalale. Habadilishi wimbo wala hapumziki katikati, na hakuna mjuzi aliyewahi kumsifu kwa kupasua koo. Prodyuza wake ni mwenye shamba, ambaye ushauri wake wa kisanaa ni mmoja tu: mbona umenyamaza?

Fugazi walisifika kwa huruma, kiingilio dola tano tu. Hadhira ya Tindiga haitoi hata senti, inakuja kwa maelfu, na ikiondoka imeshiba.