Treni Iliyoanguka Imesimama

Rock Island, Illinois

Mjomba,

Huku baridi haina adabu. Nakuandikia wewe, mtu wa reli wa Tabora, maana nikimsimulia mama atasema nimerogwa. Mzee mwenye nyumba ninayopanga, Jumamosi jioni hufunga mapazia, hutundika shuka jeupe ukutani, tukakaa kuangalia treni za mizigo. Hakuna jambazi anayeziteka, hakuna bibie anayeagwa stesheni. Treni inatokea kulia, inapotelea kushoto, imebeba mahindi. Inakuja nyingine. Mahindi.

Filamu ni za Super 8, alizipiga mwenyewe miaka ya sabini huko mashambani Iowa. Hazina sauti, kwa hiyo honi ni mzee. Treni ikikaribia makutano na barabara anapuliza kwa mdomo: mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu, kama kanuni inavyotaka. Mkewe yuko jikoni, lakini sikio liko kazini: "Hiyo fupi umeivuta!" Mzee anarudisha filamu nyuma, anapuliza upya.

Kipenzi chake ni Rock Island, kampuni ya reli iliyobeba jina la mji huu. Ungeiona njia yao ungeisamehe ya kwetu madhambi yote. Mataruma yameoza, majani yameziba reli, na sehemu nyingi treni zilikatazwa kuzidi maili 10 kwa saa. Ni kilomita 16, mjomba. Mwenye baiskeli ya mkaa angewapita na kuwasalimu. Mabehewa ya nafaka yalifikia hatua ya kuacha njia yakiwa yamesimama. Yamesimama! Mataruma yalichoka tu kuyashikilia.

Walifikaje huko? Hapo utawaelewa kuliko wanavyojielewa. Mwaka 1964 kampuni nyingine ya reli, Union Pacific, iliomba kibali cha kuichukua Rock Island. Faili likaingia kwenye tume ya serikali, likakaa miaka 10. Nenda rudi ya Marekani hiyo! Na nani atatia fedha kwenye mali anayotarajia kuiuza? Kibali kilipotoka mwaka 1974, na masharti lukuki, bwana harusi akamtazama upya bibi harusi, akaghairi. Mwaka 1975 Rock Island ikafilisika. Fedha ya mataruma hakuna, lakini ya rangi ikapatikana: vichwa vya treni vikapakwa buluu na nyeupe, vikaendelea kuanguka vikiwa nadhifu. Tarehe 31 Machi 1980 wakafunga.

Kinachomliza mzee hasa ni kile kibehewa cha nyuma cha gadi, chenye jiko na mahali pa kulala. Miaka ya themanini vibehewa hivyo vilianza kuondolewa. Siku hizi mkiani kunafungwa kisanduku chenye taa nyekundu. "Kisanduku hakikupungii mkono," anasema, pua ikimtiririka. Nikamwambia mjomba wangu angepewa kazi ile asingestaafu: jiko lipo, kitanda kipo, na mkaza mjomba hafiki.

Akafurahi, akauliza kama unazo filamu za zamani za Reli ya Kati. Atanunua. Nimemjibu kwamba ni adimu sana, kwa hiyo usiniangushe kwenye bei. Za treni zilizoacha njia ziweke kando. Hizo anasema atalipa mara mbili.

Mpwa wako