Bei Iko Kileleni

Mgeni anayetafuta safari ya Arusha mtandaoni ana maswali matatu: dola ngapi, lini, na nani anapokea simu. Wenye kampuni za utalii za hapa mjini, ambao ndio wanaonilisha kwa kuwa nawatengenezea tovuti, wana jibu moja kwa yote matatu: simba. Atokee gizani, atikise manyoya, angurume, ndipo mgeni aruhusiwe kuingia. Simba wamenguruma kwenye kompyuta yangu hapa Engutoto mpaka jirani yangu, Yanga damu, siku hizi salamu zangu anaitikia kwa mashaka.

Mzee mmoja, mwongoza watalii mstaafu, aliwazidi wote. Anauza safari za kupanda Mlima Meru. Nilimkumbusha kwamba Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo mlima wenyewe umo ndani yake, haina simba. "Ndiyo maana tumweke kwenye simu," akajibu.

Simba alikuwa utangulizi tu. "Chalii yangu," aliniambia huku akivuta kiti, "mgeni aupande mlima kwa kidole kabla hajaupanda kwa miguu." Ukurasa ufungukie chini, lango la Momella, kisha kila ukisukuma skrini unapanda: Miriakamba, Saddle, Rhino Point, mpaka kileleni, zaidi ya mita 4,500. Ukungu upite. Mbega waruke kutoka kushoto, nyati watokee kulia. Na kwa kuwa Meru haupandwi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya hao hao nyati, akataka naye atembee pembeni mwa skrini, amfuate mgeni kituo kwa kituo.

"Na bei tunaiweka wapi, mzee?"

"Kileleni. Mtu akishaona jua linachomoza nyuma ya Kilimanjaro, hawezi kuogopa bei."

Nilisema langu, akasema lake, na malipo ya awali alikuwa ameyashika yeye. Nikatengeneza.

Ukurasa wa kawaida huteleza kadiri kidole kilivyousukuma. Huu wa mzee ulikuwa na akili zake. Ukisukuma polepole hautikisiki. Ukisukuma kwa nguvu unarushwa kituo kizima. Mtu akitaka kurudi nyuma kidogo aangalie orodha ya nguo za baridi, anashushwa mpaka Momella na nyati wanaanza upya. Halafu kuna kichwa: macho yanasema tunapaa, sikio la ndani linasema tumekaa kwenye kochi, na tumbo ndilo linaloachiwa kusuluhisha. Mwaka 2013, Apple walipotoa iOS 7 na picha zake zinazoelea, watu walilalamika kichefuchefu, na mpangilio wa kupunguza mwendo ukapata kazi. Siku hizi simu yenyewe inaweza kuutaarifu ukurasa kwamba mwenyewe hapendi kurushwarushwa. Wewe mtengenezaji unaandika mistari michache tu, na kikombe cha chai hakijapoa umemaliza. Miongozo ya mwaka 2018 ya W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, nayo inazungumzia jambo hilo: mwendo usio wa lazima uweze kuzimwa. Nilimsomea mzee. Akafikiri, akasema kizunguzungu si kibaya, mgeni anaanza kuzoea mwinuko.

Aliyeteseka zaidi ni dada wa ofisini, anayejibu wateja. Vivinjari vingi havikubali sauti ianze yenyewe mpaka mtu aguse skrini, kwa hiyo simba alikuwa akisubiri kidole cha kwanza. Asubuhi moja dada yuko kwenye kifodi, kimejaa, watu wamesimama wameinamishana vichwa, mteja anataka bei sasa hivi. Akagusa. Mama aliyekuwa na ndoo ya maziwa akapiga yowe, na konda, bila hata kugeuka, akasema, "Dada, huyo naye umlipie." Bei hakuipata. Bando la siku lilimwishia Saddle.

Zikaja siku za Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ya nchi nzima ikawa ya kuvizia. Kurasa nyepesi zilijikongoja zikafunguka. Mlima wetu ulibaki ukungu mtupu, na mzee akanipigia simu kunipongeza: ukungu umetoka vizuri sana.

Kinachonishangaza ni kwamba mzee huyu hana simile na vijana wa batiki pale Mnara wa Saa. Wakimfuata mgeni wake, mara bangili, mara picha, mara "rafiki, njoo uone duka la kaka yangu," anawatimua kwa mkono, anasema wanawafukuzia watu wateja. Halafu anarudi ofisini kuuliza kama askari wetu anaweza kumkaribia mgeni zaidi.

Aliyemshinda si mimi wala W3C. Ni nyama choma. Alikaa na wazee wenzake, mmoja akamuuliza kupanda Meru siku hizi ni kiasi gani, kwani ana mjukuu anakuja kutoka Ujerumani. Mzee akatoa simu kwa mbwembwe. Simba akanguruma, meza ikacheka vizuri. Akasukuma. Akasukuma tena, kwa kidole chenye mafuta. Akarushwa Saddle, akateleza, akajikuta Momella. Nyama ikaletwa, ikakatwa, ikaliwa, yeye bado anahangaika na Miriakamba. Mwenye mjukuu akaomba namba ya kampuni nyingine.

Kesho yake tukaivua kazi nusu nzima. Bei ikashuka mpaka mstari wa kwanza, chini ya jina la kampuni, na tarehe zikakaa pembeni yake. Simba akawa picha isiyonguruma, maana kumfuta kabisa mzee alikataa katakata. Mbega na nyati wakaenda zao. Askari naye amebaki, ila hatembei: amesimama kona ya chini kulia, bunduki begani, na ukimgusa anakufungulia WhatsApp ya dada wa ofisini.