Kuku wa Pili

Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alichapisha habari za Wazande, watu wa Afrika ya Kati. Ghala likiwaangukia watu waliokaa kivulini mwake, Wazande walijua fika kwamba mchwa wamekula nguzo zake. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Jibu: uchawi. Msomi wa leo huenda akacheka.

Lakini uchumi ukiporomoka, mtaalamu ambaye jana hakuona hata ufa anatangaza: ni “mfumo”, ni “utamaduni”, ni “nguvu za soko”. Hazionekani, hazikamatiki, wala hazikosekani kwenye msiba wowote. Mzande wa Evans-Pritchard angalau alipima tuhuma yake kwa kuku aliyelishwa sumu, kisha akahakiki kwa kuku mwingine. Mtaalamu hupima posho tu. Kabla hamjamlipa, muulizeni kuku wake wa pili yuko wapi.